Maji Yasiyotembea

Ukikulia chini ya Mlima Kenya, unafunzwa mapema kuamini maji yanayotembea. Shosho wangu, mtu wa Runyenjes kule Embu, alikuwa na sheria moja: maji ya kunywa yachotwe juu, nguo zifuliwe chini, ng'ombe wanywe chini zaidi. Uchafu ulibebwa na mto, na mlima ukaleta maji mengine. Sasa jakuzi haina mlima. Maji ni yale yale, jana na leo, na lazima mtu ayafanyie kazi ya mto.

Binamu yangu ndiye mtu huyo, kwenye nyumba moja ya wageni nje ya mji wa Meru. Wageni wa Nairobi wanakuja wikendi kupiga picha wakiwa majini hadi shingoni. Wao huuliza tu kama maji ni moto. Yeye ana maswali mengine, na kila moja lina historia.

La kwanza ni klorini. Mwaka 1908, E. B. Horne alipokuwa akianzisha kituo cha serikali ya kikoloni Meru, daktari John Leal alikuwa Jersey City, Marekani, akitia klorini kwenye maji ya mji mzima bila kuomba ruhusa. Mambo yakafika kortini, na korti ikakubali kwamba maji yale yalikuwa salama. Miji mingine ikamfuata.

La pili ni pH. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark, katika maabara ya watengeneza bia wa Carlsberg. Binamu yangu anakisoma kwenye kikaratasi kinachobadilika rangi. Anataka kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda zaidi, klorini inakuwa mvivu: imo majini, lakini haiui vijidudu haraka. Ndiyo maana anarekebisha pH kwanza, klorini baadaye.

Jakuzi yenyewe ilianza kama dawa. Akina Jacuzzi, Wataliano waliohamia California, walikuwa watengeneza pampu, na Candido Jacuzzi alimtengenezea mwanawe mgonjwa wa viungo pampu ya kuchangamsha maji ya kuoga. Mwaka 1956 wakaanza kuiuza. Starehe ilifuata baadaye.

Waswahili husema maji ya kifuu bahari ya chungu. Beseni hilo ni dogo, kwa hivyo kila mwili unahesabika. Jasho, mafuta na losheni hula klorini, halafu joto na mapovu huifukuza. Na ile harufu kali ambayo watu hudhani ni usafi? Kumbe ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo.

Ukidhani haya ni mambo madogo, kumbuka Bovenkarspel, 1999. Hiyo ni Uholanzi, nchi inayonunua maua ya Timau, na palikuwa na maonyesho ya maua. Jakuzi iliwekwa pale ionekane tu, si ya kuoga. Bakteria wa lejionela, wanaopenda uvuguvugu, walizaliana ndani yake. Mapovu yakarusha matone hewani, na wapita njia wakayavuta. Watu wasiopungua 32 walikufa.

Swali la mwisho la binamu yangu ni lile lile la shosho: nani yuko chini? Kila baada ya miezi mitatu hivi anabadilisha maji yote. Klorini inayookoa watu kwenye mabomba inaua samaki mtoni, na maji ya Kathita yanashuka hadi Tharaka, kisha Tana. Kwa hivyo anaacha kutia dawa, anafunua beseni siku kadhaa, na kikaratasi kikionyesha klorini imekwisha ndipo anamwagia nyasi, mbali na mfereji. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Kila mtu ni pamoja na yule wa chini, asiyejua kwamba huku juu kuna jakuzi.

Ukija wikendi, usione haya. Kabla ya kuvua viatu, omba uonyeshwe kikaratasi: pH ndani ya mipaka, klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, joto lisipite nyuzi 40. Halafu uliza maji haya yakichoka yanaenda wapi. Mtunzaji mzuri atakujibu yote mawili bila kufikiri.