Daftari la Wanachama na Kura ya Mkulima

Leo tunaweka kando kidogo habari za mbegu za alizeti na magonjwa ya vitunguu, tuzungumze juu ya kitu kimoja kilichomo katika ofisi ya chama chako, na ambacho pengine hujakiona tangu siku uliyojiunga. Kitu chenyewe ni daftari la wanachama.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kura nayo ni hivyo hivyo. Wengi wetu hudhani uchaguzi huharibika siku ile ya kupiga kura, pale karatasi zinapohesabiwa. Lakini uchaguzi unaweza kuharibika miezi mingi kabla, wakati hakuna mtu anayeuliza: mwanachama ni nani, na jina lake limeandikwa wapi?

Jambo hili linatuhusu sana sasa. Tarehe 28 Aprili 2025, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika Tanzania. Benki hiyo ilitokana na kuunganishwa kwa Benki ya Ushirika Kilimanjaro, iliyoanza miaka ya 1990, na benki ya wananchi ya Tandahimba, kule kwa wakulima wa korosho. Sehemu kubwa ya hisa, asilimia 51, iliwekwa kwa vyama vya ushirika.

Sasa wewe mkulima wa Mkalama au Ikungi huendi mwenyewe kwenye mkutano wa wenye hisa wa benki. Chama chako, kiwe AMCOS au SACCOS, ndicho kinachoweza kuwa na hisa, na mjumbe mliyemchagua ndiye anayekwenda kusema kwa niaba yenu. Maji yakitibuliwa kisimani, hata ndoo ya mwisho itakuwa na tope. Kama daftari la chama cha msingi si safi, mjumbe si wenu, na sauti anayoipeleka mbele si yenu.

TULIKOTOKA

Kanuni ya mwanachama mmoja kura moja ni ya zamani. Inahesabiwa kuwa imetoka kwa watu 28, baadhi yao mafundi wa kufuma nguo, waliofungua duka lao la ushirika katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844. Mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache wote wana kura moja. Lakini kanuni hiyo haina maana kama hamjui mko wangapi.

Hapa kwetu, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata, 1933, KNCU ikaandikishwa. Hapo ndipo ushirika ulipoanza kuwa jambo la kuandikwa: chama kiandikishwe kwa Msajili, na wanachama wake wajulikane kwa majina.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, majirani zetu wa Iramba, walichoshwa na mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili mkulima ajue uzito halisi wa pamba yake kabla ya kulipwa. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha Victoria, kikiongozwa na Paul Bomani. Angalia fikra yao: hawakungoja kugombana juu ya bei, walianza na kipimo. Basi na wewe elewa kwamba daftari ndiyo mizani ya kura. Mizani ikiwa mbovu, hata mhesabu awe mwaminifu namna gani, jibu litakuwa la uongo.

Historia ya nchi yetu yenyewe inatufundisha hivyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, serikali ya kikoloni haikumkataza Mwafrika kupiga kura kwa maneno ya wazi. Iliweka masharti ya kuingia kwenye orodha: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au kazi fulani ya madaraka. Mkulima wa mtama na uwele angeipata wapi pauni 150? Alifungiwa mlango kwenye orodha, hata kabla sanduku la kura halijaletwa.

DAFTARI LILIPODHARAULIWA

Baada ya Uhuru vyama viliongezeka upesi sana, na mwaka 1962 ikaanzishwa benki ya ushirika ya kwanza. Lakini malalamiko nayo yaliongezeka, hata mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni kwamba wanachama wengi hawakujua haki zao wala mambo ya chama chao, na kwamba demokrasia ilikuwa dhaifu katika vyama vikuu. Yaani kule juu walisema watu waliojiita wajumbe, na huku chini mwenye mali hakujua nani anamsemea.

Likaja jambo jingine kubwa zaidi. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kilichoandikishwa kiwe kama chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na kazi ya kununua mazao ikachukuliwa na mamlaka za mazao. Kila mtu mzima kijijini alikuwa na nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Jambo hili lilikuwa na uzuri wake, maana kina mama na vijana waliokuwa hawamo vyamani walipata mahali pa kukaa. Lakini tofauti kati ya mkazi na mwanachama ilififia. Aliyelipa hisa kwa jasho la miaka mingi na aliyehamia juzi walihesabiwa sawa. Mali za vyama vikuu zilipokwenda mikononi mwa wengine, mkulima aliyetaka kuuliza habari za hisa yake hakuwa na pa kushika.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vya ushirika, na sheria ya mwaka 1991 ikarudisha msingi wa mtu kujiunga kwa hiari yake. Sheria ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Tume hiyo imeleta na mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama, uitwao MUVU. Ni jambo jema. Lakini kompyuta haijui nani amefariki huko Kinampanda. Inajua kile ilicholishwa. Ukiingiza majina mabovu, yatatoka mabovu, tena yamechapwa vizuri.

SASA TUFANYEJE?

Kwanza, msiwaachie wagombea kazi ya kusafisha orodha. Mkutano uchague watu watatu au watano wasiogombea, wakae na katibu na daftari, wapitie jina moja moja kwa kulinganisha na stakabadhi za viingilio na hisa.

Pili, andikeni majina matatu, kitongoji, tarehe ya kujiunga, namba ya uanachama, hisa, na sahihi au dole gumba. Akina Juma na akina Hamisi ni wengi katika kila kijiji. Bila kitongoji na namba, Juma mmoja atapiga kura mara mbili na mwingine ataambiwa ameshapiga.

Tatu, aliyefariki au aliyejitoa asifutwe kwa kuchana ukurasa. Apigwe mstari, iandikwe tarehe na sababu, na mkutano ujulishwe. Mtoto wa marehemu anaweza kuwa na haki juu ya hisa za mzazi wake, lakini kura hairithiwi kama jembe. Naye aombe uanachama.

Nne, na hili ni zito. Mama anayelima alizeti kutoka kupanda hadi kupepeta, na jina lililo daftarini ni la mumewe peke yake, huyo hana kura hata moja. Ajiunge kwa jina lake, alipe hisa yake, apewe stakabadhi yake.

Tano, orodha ibandikwe ofisini siku za kutosha, tena isomwe kwa sauti mkutanoni, maana si wote wanaosoma. Mwenye malalamiko asikilizwe, na jibu liandikwe. Halafu orodha ifungwe kwa tarehe inayojulikana na wote, ili asije mtu kuingiza ndugu zake usiku wa kuamkia uchaguzi. Nakala moja apewe afisa ushirika.

Sita, siku ya kura kila anayepewa karatasi awekewe alama mbele ya jina lake. Mwishoni, idadi ya karatasi isizidi idadi ya alama. Ikizidi, simamisheni shughuli, mtafute sababu kabla ya kumtangaza mtu.

Ndugu mkulima, kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Inahitaji kalamu, stakabadhi, na watu wasioona haya kuuliza. Wiki hii, ukipita ofisini kwa chama, omba uonyeshwe jina lako. Ukilikuta, tazama kama limeandikwa sawasawa. Usipolikuta, usiondoke kimya. Na ukirudi nyumbani, muulize jirani yako kama naye amekwenda.

Kwa leo tunakomea hapo. Tunakutakia mavuno mema na uchaguzi wa haki.