Mikono Yetu Ilivyochora Ghala

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tumeona tuandike pia historia ya mikono. Maana sisi akina mama wa Sanje tulipanga kazi kwa mikono kabla ya kalamu.

Wazee wetu walipima kwa mwili. Shubiri ni toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ukitanua kiganja. Shubiri mbili ni mkono mmoja, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni pima moja, ukinyoosha mikono yote huku na huku. Wasuka mikeka na wajenzi walielewana hivyo.

Bonde letu la Kilombero lina Wandamba, Wapogoro, Wahehe na wengine waliofuata miwa na mpunga. Ilipojengwa reli ya TAZARA, mwaka 1970 hadi 1975, mafundi Wachina na vijana wetu hawakuwa na lugha moja. Fundi alionyesha kwa vitendo, kijana akarudia. Reli ile ya kilometa 1,860 ilifika Kapiri Mposhi, Zambia.

Nasi tulipopanga ghala la mpunga, fundi alileta ramani. Wengi walikuwa wanaitikia tu, na fedha ni hisa zetu wote! Basi tukatoka uwanjani. Mmoja akatanua mikono: mlango uwe hivi. Mwingine akainama kama aliyebeba gunia mgongoni, akapita katikati, akagusa. Mikono ikatanuliwa zaidi. Wa tatu akaonyesha kwa kiganja kimo cha uchaga, maji ya masika yasifike. Asiyekubali aliusogeza mkono wa mwenzake, bila ugomvi.

Lakini pima ya mrefu siyo pima ya mfupi. Kwa hiyo tulichagua mikono ya mama mmoja, tukakata kamba na kuifunga mafundo. Fundi akaipima kamba kwa futi, akaandika kwenye ramani.

Mabinti zetu, ramani zisomeni, ni jambo jema. Ila kabla fedha ya kikundi haijatoka, simameni muonyeshane. Kichwa huweza kuitikia jambo ambalo mtu hajalielewa, ila mkono huonyesha alivyoelewa, na mwenzake akamsahihisha mapema, tofali halijanunuliwa.


Mwenyekiti