Lamu Kabla ya Simiti

Sisi tuliozoea kupanga Nairobi tunadhani nyumba ya kisasa ni simiti na mabati, basi. Joto likizidi, washa feni. Mfuko ukiruhusu, weka kiyoyozi. Mafundi wa Lamu walilijibu swali la joto kabla stima haijafika pwani, na jibu lao bado limesimama. Swali langu ni kama sisi tutaliacha lisimame.

Nyumba nyingi za mawe za mji wa kale zilijengwa karne ya 18. Ukuta wake una unene wa karibu nusu mita, na mawe yake ni matumbawe, yenye vitundu vidogo vilivyoshika hewa. Jua likiupiga ukuta asubuhi, joto huingia polepole mno. Likikaribia upande wa ndani, kumeshakuwa jioni na upepo wa bahari unavuma. Vichochoro vyembamba navyo hufanya ukuta mmoja uutilie mwenzake kivuli.

Juu kuna ujanja mwingine. Dari ya mawe na chokaa hulala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: kama mita tatu hivi, zaidi ya hapo mti haukubali. Boriti hizohizo zilisafiri kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, zikajenga vyumba vyembamba huko pia, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kisha juu ya dari, nyumba nyingi huwekewa paa la makuti lililo wazi pembeni. Majani ya mnazi yaliyokunjwa na kushonwa kwenye fito hunasa hewa katikati yake, na hewa ni kizuizi kizuri sana cha joto. Ukuta unachelewesha joto. Makuti yanalizuia lisifike kabisa.

Kinachounganisha vyote ni chokaa. Matumbawe huchomwa kwa kuni, yakazimwa kwa maji, kisha chokaa huachwa kiive kabla ya kupakwa. Plasta yake hupitisha unyevu. Hilo ni muhimu, kwa sababu ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na chumvi kutoka hewani, na lazima uvitoe.

Halafu ikaja simiti. Ni ngumu, inakauka haraka, na fundi anapatikana kila kona. Lakini ukiipaka juu ya matumbawe umeuziba ukuta pumzi. Unyevu unabaki ndani, chumvi inaganda, plasta inavimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vinaanza kuoza. Isitoshe, ukuta uliolowa hupitisha joto kwa urahisi kuliko ulio mkavu. Yaani unaua nyumba na ubaridi wake kwa ndoo moja ya mchanganyiko.

UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ni heshima kubwa, lakini heshima haimlipi fundi. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu, mjadala wa nyumba ya bibi haujaisha. Binamu zangu wanataka mabati juu na simiti kutani, na hoja zao si za kijinga. Makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Makuti pia huwaka: mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba kule Faza, kisiwani Pate. Boriti nazo, serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, wakataji wa Lamu walijua maana ya kukosa riziki. Na kuchoma chokaa hula kuni.

Shangazi yangu alijibu kwa sauti ya sekunde kumi: "Wanangu, hayo mabati mtakaa chini yake nyinyi, ama nitakaa mimi?"

Msimamo wangu ni huu. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ikikatwa kwa mpango, inaota tena. Mnazi haukatwi ili kupata makuti. Simiti, kwa upande wake, huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kama pesa ni chache, tuanze na kuta: tubandue simiti, turudishe chokaa, halafu tuchange polepole ya makuti. Na kijana mmoja wa ukoo akae na fundi wa chokaa msimu mzima, ajifunze. Mawe yatakuwepo miaka mia nyingine. Mzee anayejua kuonja chokaa kwa jicho na kusema "bado, hakijaiva" hana miaka hiyo.