Mji Uliozoea Kuungua

Nilikuwa na miaka saba Makaburi ya Kasubi, walikolazwa Makabaka wanne wa Buganda, yalipoungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Jajja wangu alikaa kando ya redio hadi asubuhi bila kusema neno. Tangu siku hiyo niliamini kwamba kitu cha kale kikiungua kimekwisha, na kitakachojengwa baadaye ni mfano tu. Imani hiyo niliibeba hadi Kyoto, nilikokaa siku nne na wanafunzi wenzangu.

Kyoto ulifanywa mji mkuu wa Japani mwaka 794, ukabaki makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja. Majengo yake ya kale ni ya mbao, na mbao ni chakula cha moto. Vita vya Onin, vya mwaka 1467 hadi 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya mji. Mwaka 1945 Kyoto ulikuwa katika orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki, mpaka waziri wa vita wa Marekani, Henry Stimson, alipouondoa.

Siku ya kwanza tulikwenda Kinkakuji, jumba lililopakwa dhahabu kando ya bwawa. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na mtawala Ashikaga Yoshimitsu. Hata hivyo, mwaka 1950 kijana aliyekuwa akisomea utawa hapo alilichoma moto. Jumba nililolipiga picha lilikamilika mwaka 1955, kwa kufuata michoro iliyochorwa lilipokarabatiwa zamani. Kumbe ni dogo kwa jajja wangu! Nilidhani wenyeji wangelidharau, lakini walisimama mbele yake kimya, kwa heshima.

Mchana tulikula karibu na hekalu la Imamiya, katika kiduka kinachosemekana kilianza mwaka 1000. Chakula ni kimoja tu: vidonge vya mchele uliopondwa, vilivyochomekwa kwenye vijiti vya mianzi, vikachomwa juu ya makaa na kumiminiwa mchuzi mtamu. Mama mmoja alikuwa akipepea makaa kama wachoma mahindi wa kwetu Kampala.

Tulilala katika nyumba ya mbao, nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, tukitandika magodoro juu ya mikeka minene. Ukutani jikoni palibandikwa karatasi kutoka hekalu la Atago, inayoonya watu wawe waangalifu na moto. Nje mlangoni palikuwa na ndoo nyekundu iliyojaa maji, na kwa jirani vivyo hivyo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Watu wa Kyoto wamejenga ukuta mara nyingi, kwa hiyo hawasahau ufa.

Hapo ndipo nilipoielewa Kasubi upya. Paa lake huezekwa na watu wa ukoo wa Ngeye, na ujuzi wao haukuungua. Japani ilisaidia ujenzi kupitia UNESCO, pamoja na vifaa vya kuzimia moto, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Jajja hajakanyaga Kasubi tangu moto ule. Likizo hii nitamwomba twende pamoja.