Kinasa Sauti na Nyuzi: Kutoka Bandari ya Bombay hadi Nyumba ya Murusagamba

Murusagamba iko upande wa kusini wa Wilaya ya Ngara, mahali ambapo mpaka wa Tanzania na Burundi haumtengi sana mtu na jirani yake kwa lugha wala kwa ngoma. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na ukielekea kaskazini, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, unawakuta Wahaya. Majirani hawa wana chombo kimoja cha muziki cha asili moja: Warundi hukiita inanga na Wahaya hukiita enanga. Ni ubao uliochongwa mfano wa kihori kifupi, na juu yake uzi mmoja mrefu, zamani wa mishipa ya ng'ombe, hupitishwa kwenye meno ya pande mbili, ukienda na kurudi, hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Siku hizi gitaa limeingia katika nyumba hizo hizo, na kijana anayeimba peke yake kwa gitaa hafanyi jambo geni. Analifuata desturi ya zamani kwa chombo kipya.

Tumeanza na inanga kwa makusudi. Watu wengi wakiulizwa juu ya vyombo vya kunasa sauti nyumbani huanza na bei. Sisi twaona kwamba anayetaka kununua kinasa sauti sharti kwanza aujue muziki atakaounasa, na awajue pia waliounasa kabla yake. Maana katika nchi zetu historia ya kunasa sauti ni historia ya nani alikishika chombo, na nani aliondoka na kanda.

Mwezi wa Machi 1928, Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili wakarekodiwe na kampuni ya His Master's Voice. Maikrofoni ya umeme ilikuwa bado ngeni, kwani ilianza kuchukua nafasi ya ile pembe kubwa ya kunasia sauti mnamo mwaka 1925. Mwimbaji ndiye aliyekifuata chombo, ijapokuwa chombo kipo ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yakageuka kidogo, chombo nacho kikaanza kumfuata mwimbaji. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika ya Kusini, alipita Tanganyika mwaka 1950 akinasa muziki wa Wagogo, Wanyamwezi, Wahaya na wengineo. Mwaka 1952 alikuwa Katanga, na mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, alimnasa kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco, aliyepiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili. Wimbo wake "Masanga" ulisikika Afrika nzima ya Mashariki na ya Kati, na hata leo wapigaji magitaa husoma vidole vyake kama mwanafunzi asomavyo kitabu. Santuri hizo zilitolewa kwa alama ya Gallotone, na ndiyo sababu wazee wetu wengi hawasemi "gitaa kavu" bali "galatoni": jina la santuri limegeuka kuwa jina la chombo.

Yafaa mwalimu awaeleze wanafunzi wake jinsi kazi ile ilivyofanyika. Tracey alisafiri na gari lenye mitambo mizito na mashine ya kufulia umeme. Lakini mbele ya mwimbaji alijulikana kwa jambo moja jepesi: alipenda kuishika maikrofoni kwa mkono wake, akiisogeza huku na huku kwa kufuata sikio. Gitaa na sauti ya mtu viliingia kwa pamoja, na uwiano wa viwili hivyo ulitokana na mahali pa maikrofoni, si na kitu kilichorekebishwa baadaye. Jambo hili tutalirudia.

Kanda na sahani hizo zilikwenda kusini. Mwaka 1954 Tracey aliunda maktaba ya muziki wa Kiafrika, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown na tangu 2018 unaitwa Makhanda. Hatusemi kwamba aliiba. Bila yeye mengi yangalipotea kabisa. Twasema tu kwamba mjukuu wa mpigaji enanga wa Bukoba, akitaka kumsikia babu yake, alihitaji pasipoti.

Nchini kwetu redio ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika miaka iliyofuata Radio Tanzania Dar es Salaam ilinasa muziki wa nchi hii kwa wingi. Santuri zenyewe, hata hivyo, zilichapwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Kwa mtu wa Murusagamba, studio ya taifa ilikuwa mbali kwa zaidi ya kilomita elfu moja, na Nairobi ilikuwa nyuma ya mpaka uliofungwa.

Kilichoifikia Murusagamba ni kaseti. Kampuni ya Philips iliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 redio-kaseti ya betri ikaenea vijijini. Ubora wake haukuwa mkubwa, na sababu yake yaeleweka kwa hesabu. Kanda ya studio ilikuwa na upana wa milimita 6.35 na ilikwenda sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Kanda ya kaseti ilikuwa na upana wa milimita 3.81 tu na ilikwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Nafasi ya sauti kukaa ilikuwa ndogo, basi uvumi wa kanda wenyewe ukasikika kama mvua ya mbali. Pamoja na hayo, redio-kaseti nyingi zilijirekebisha zenyewe: mwimbaji akinyamaza, chombo kiliongeza nguvu ya kusikia, na jogoo wa jirani akawa ndiye mwimbaji.

Sisi tulikiona hayo kwa macho yetu. Katika miaka ya 1980 tulimwendea mzee mmoja aliyejifunza inanga ng'ambo ya mpaka, tukiwa na redio-kaseti ya kuazima na kanda moja ya dakika 60. Alipiga jioni nzima. Tulipokuwa tukiagana alituuliza, "Wanangu, sauti yangu ikishaingia humo itakaa kwa nani?" Tukamjibu kwamba itakaa kwetu, salama. Hatukuvunja vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti vinavyozuia kurekodi tena juu yake, wala hatukutoa nakala. Kabla ya mwaka kwisha, mtu wa nyumbani mwetu alirekodi mpira juu yake. Mzee alikuwa amekwisha kufariki.

Tuendelee. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilitoa Portastudio, chombo cha mezani kilichotumia kaseti ya kawaida kunasa njia nne mbalimbali, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupiga gitaa leo na kuongeza sauti kesho akiwa chumbani mwake. Kwetu vilikuwa adimu. Studio iliyokuja karibu na nyumbani ililetwa na msiba. Tarehe 28 Aprili 1994 na saa chache zilizofuata, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, na mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanzishwa huko na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi. Kisha ikaja kompyuta. Programu ya Audacity, inayopatikana bure, ilitolewa mwaka 2000, na kazi iliyodai mitambo ya maelfu ya shilingi za kigeni ikawezekana katika kompyuta ya shule.

Hapo ndipo swali la uchaguzi linapoanza, na hapo twarudi kwenye inanga. Warundi wana namna ya kuipiga ambayo wataalamu wameisifu sana: mpigaji haimbi kwa sauti kamili, bali ananong'ona. Mnong'ono hauna tuni, kwa kuwa nyuzi za koo hazitetemi. Tuni ambayo msikilizaji anadhani inatoka kinywani inatoka kwenye nyuzi za inanga, na sikio linaviunganisha viwili likasikia wimbo. Ukimpa mpigaji huyo maikrofoni mbili, moja ya kinywa na moja ya nyuzi, kisha ukavitenganisha na kuvipamba kila kimoja peke yake, unakuwa umeuvunja wimbo vipande viwili visivyo na maana. Muziki huu unadai maikrofoni moja nzuri, mahali pamoja palipochaguliwa kwa sikio. Kwa hiyo umaskini wa vifaa, ambao vijana wetu huuonea haya, kwa muziki huu si pungufu hata kidogo.

Gitaa na sauti vinafuata kanuni iyo hiyo, ijapokuwa kwa ukali mdogo. Weka maikrofoni moja sentimita 40 hadi 60 mbele ya mwimbaji aliyeketi, usawa wa kifua, ukiielekeza pale shingo ya gitaa inapokutana na kasha lake. Usiielekeze kwenye tundu la gitaa, maana huko besi huvuma na kufunika yote. Sauti ya mtu ikizidiwa, inua maikrofoni. Gitaa likizidiwa, ishushe. Kila mara nasa nusu dakika, usikilize, usogeze tena. Saa moja ya kazi hiyo inafaa kuliko kifaa cha bei mara mbili.

Juu ya aina ya maikrofoni wauzaji husema mengi, lakini zinazomhusu msomaji wetu ni mbili. Maikrofoni ya dainamiki, ambayo ndani yake koili ndogo hutikisika katika sumaku, ni ngumu, haihitaji umeme wake yenyewe, na huvumilia vumbi na kuanguka. Shure SM58 ya mwaka 1966 ingali ikiuzwa hadi leo, na ya bandia zake ni nyingi sokoni, basi mnunuzi awe macho. Kasoro yake ni kwamba haisikii vizuri kitu kidogo kilicho mbali. Kwa mnong'ono wa inanga utalazimika kuongeza nguvu nyingi, na uvumi utaongezeka pamoja nayo. Maikrofoni ya kondensa husikia zaidi, hata vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi, lakini hutaka umeme, kwa kawaida volti 48 zinazopelekwa kwa waya ule ule wa sauti, na haipendi unyevu. Tena haichagui: humsikia mpigaji, na mbuzi pia.

Kijana mwenye kompyuta na umeme wa kuaminika, anayetaka kuongeza sauti juu ya sauti, anunue kisanduku kidogo cha kuingizia sauti katika kompyuta chenye matundu mawili na volti hizo 48, maikrofoni moja ya kondensa ya bei ya chini, kiegemeo imara, na vipokea sauti vya kufunika masikio. Asinunue spika kwanza. Lakini mwalimu anayekwenda kwa mzee kijijini, shauri letu ni jingine: achukue kinasa sauti cha mkononi cha kidijitali, chenye maikrofoni mbili zake zenyewe na kinachotumia betri za kawaida. Hakihitaji kompyuta wala waya, na hakiwatishi wazee. Akinase kwa sampuli 44,100 kwa sekunde bila kubana, akikumbuka kwamba dakika moja ya njia mbili hula kiasi cha megabaiti 10.

Na simu je? Itafaa ikiwa hakuna kingine, na ni kheri kuliko kungoja. Ila nyingi zina tabia ile ile ya redio-kaseti ya kujirekebisha zenyewe. Tafuta programu inayokuruhusu kuizima tabia hiyo, na uiweke simu kwenye hali ya kutopokea wito.

Kitu cha bei kubwa kuliko vyote ni chumba kitulivu, na hapa wazee walitutangulia. Nyumba ya nyasi humeza sauti. Nyumba ya saruji na mabati huirudisha, na mvua za Ngara zikianza hakuna maikrofoni itakayokuokoa chini ya bati. Mwenye nyumba ya bati atundike mablanketi nyuma ya mwimbaji, atandike mikeka sakafuni, aegemeze magodoro ukutani, na achague saa za alasiri za kiangazi. Au atoke nje kabisa, akae kati ya migomba siku isiyo na upepo.

Mnamo 1950 Tracey aliwanasa pia Wakipsigis wa Kapkatet, nchini Kenya, wakiimba juu ya "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, Mmarekani waliyemsikia akiimba na gitaa katika santuri. Zaidi ya miaka sitini ilipita kabla nakala za wimbo huo hazijarudishwa kwao. Ndiyo maana sisi sasa, tukienda kunasa, twatenga nakala tatu: moja ya shule, moja ya kuwekwa mji mwingine, na moja ya mpigaji mwenyewe, katika kadi iwezayo kuingia katika simu ya mtoto wake. Mwanzoni mwa kila moja, kabla ya uzi wa kwanza kuguswa, tunamwomba mpigaji aseme kwa kinywa chake jina lake, kijiji chake, tarehe ya siku ile, na ni nani aliyemfundisha.