Vitabu Visivyosomana: Historia Fupi ya Hesabu za Mkulima

Katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, ni desturi njema kuhesabu mali tuliyoipata: maghala, mizani, na fedha zilizowafikia wakulima. Lakini iko mali moja ambayo haipigwi picha wala haipakwi rangi, nayo ni vitabu vya hesabu. Chama cha ushirika, ukiyaondoa majengo yake, ni ahadi iliyoandikwa: kwamba mzigo alioleta mwanachama siku fulani ni wake, na kwamba thamani yake itamrudia yeye wala si mwingine. Ahadi hiyo ikiandikwa katika vitabu vitano visivyojuana, mwanachama mwenyewe hugeuka tarishi wa kuvipelekea habari, dirisha hadi dirisha, msimu hadi msimu.

Kusudi la makala hii ni kueleza jinsi vitabu hivyo vilivyopata kuwa vingi, kwa nini havisomani, na historia yatufundisha nini wakati huu ambapo hesabu za vyama zinahamishwa kutoka daftari kwenda kompyuta. Neno nitakalolishikilia ni hili: kabla ya mashine kuunganishwa, yafaa watu wakubaliane kwanza namna ya kumtambua mkulima mmoja na kilo yake moja.

Tusidhani kwamba kumbukumbu zilianza na karani. Wafugaji wa nyanda za Ngorongoro tangu zamani huwatia ng'ombe wao chapa na kuwakata masikio kwa alama zinazojulikana. Alama hiyo husomwa na mwenye mali, na jirani, na mgeni akutanaye na mnyama aliyepotea penye maji. Ubora wake ni kwamba alama ni moja na wasomaji ni wengi. Ofisi zilikuja na desturi ya kinyume: alama nyingi juu ya mtu mmoja, na kila alama ikawa na msomaji wake peke yake.

Kitabu cha ushirika nchini kwetu kililelewa na kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA. Mwaka 1932 ikatungwa Sheria ya Vyama vya Ushirika, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa. Ndipo ulipokomaa utaratibu wa ngazi tujuao: mkulima hupima katika chama cha msingi, chama cha msingi hupeleka kwa Chama Kikuu, na Chama Kikuu hupeleka sokoni. Kahawa iliyopimwa leo huchanganywa na ya wenzake, hukobolewa, hupangwa kwa madaraja, na huuzwa mnadani Moshi baada ya muda. Kisha fedha hurudi, zikiwa zimekatwa gharama, na hapana budi zigawanywe kwa wale waliopima.

Hapo ndipo ulipo ugumu wote. Kwenda mbele ni rahisi, maana kwenda mbele ni kujumlisha: magunia ya mkulima yawe magunia ya chama, na ya chama yawe ya Chama Kikuu. Kurudi nyuma ndiko kugumu, maana kurudi nyuma ni kugawanya. Na asiyeweza kuzifuata hatua zake za kwanza hawezi kugawanya kwa haki. Bodi ya mazao ilijua jumla bila kujua majina. Mkulima alijua stakabadhi yake bila kujua jumla. Katikati yao alikaa karani na karatasi yake ya kaboni, na nakala ikipotea, uzi hukatika.

Siku zile Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, katika Jimbo la Kaskazini. Huko Oldeani palikuwa na mashamba ya kahawa ya walowezi, ambao wengi wao kabla ya Vita Kuu ya Pili walikuwa Wajerumani. Mlowezi hakuhitaji kuunganisha vitabu, kwa kuwa shamba, ghala na hesabu vyote vilikuwa vyake. Wakulima wadogo mia moja waweza kumfikia mkubwa huyo kwa wingi wa magunia. Lakini katika hesabu hubaki watu mia moja, na kila mmoja adai haki yake. Basi kuunganisha vitabu si jambo la anasa lililoletwa na kompyuta. Ni sharti la ushirika wowote, tangu siku ya kwanza.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, vyama viliongezeka upesi kuliko makarani waliofunzwa. Malalamiko ya wakulima yalipozidi, Rais Nyerere aliunda Kamati Maalum mwaka 1966 kuvichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Upungufu wa watumishi wenye ujuzi wa hesabu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyodhihirika. Miaka kumi baadaye, Mei 1976, vyama vikuu vilivunjwa. Biashara ya mazao ikawa mikononi mwa vijiji, mashirika na mamlaka za umma: nafaka chini ya Shirika la Usagishaji, NMC, na kahawa chini ya Mamlaka ya Kahawa. Mkulima wa Karatu mwenye mahindi na kahawa akawa watu wawili vitabuni: muuza nafaka huku, muuza kahawa kule. Mamlaka ya zao ilikuwa na sababu ya kumjua muuzaji wa zao lake. Haikuwa na sababu ya kumjua mwenye hisa.

Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vya ushirika, na mwaka huo huo likaanzishwa shirika la ukaguzi, COASCO. Lakini mara ikaja biashara huria ya miaka ya 1990, na wanunuzi waliolipa taslimu shambani. Fedha ya papo hapo ni tamu, na hakuna wa kumlaumu mzazi mwenye ada ya shule mlangoni. Walakini biashara ile mara nyingi haikuacha maandishi. Katika vitunguu vya Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na mahali pengine pengi nchini, gunia la lumbesa lilikuwa kipimo badala ya mizani. Gunia lisilopimwa halina kilo, na mzigo usio na kilo hauwezi kuingia katika kitabu chochote, kiwe cha karatasi au cha umeme. Lumbesa humdhulumu mkulima mara mbili: leo katika bei, na kesho katika ushahidi.

Sasa twafikia wakati wetu. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na wakulima wa korosho wa Kusini wakaanza kuitumia msimu wa 2007/2008. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Soko la Bidhaa, TMX, likaundwa mwaka 2014 kwa ajili ya minada. Mwaka 2017 malipo ya Serikali yakaanza kupita katika lango moja, kwa kumbukumbu namba. Tarehe 8 Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane huko Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, na wakulima wakaandikishwa ili waipate. Tume nayo imeleta MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika.

Kila kimoja kati ya hivi ni chema. Lakini kila kimoja kilikuja na daftari lake. Mkulima mmoja leo aweza kuwa na namba ya uanachama, namba ya kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu 20, namba ya mbolea, namba ya akaunti ya benki, na namba ya simu. Katika makao makuu ya kila ofisi mtu huyu ni mmoja, safi, aliyeandikwa vizuri. Mkusanye kutoka ofisi zote, utamkuta amekuwa watu watano.

Katika nchi yetu ya Karatu tatizo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu majina ya Kiiraqw yana sauti ambazo karani wa Kiswahili hakufundishwa kuziandika. Slaa huandikwa Silaa. Tluway huandikwa Tuluwai. Qamara huandikwa Kamara. Kwa Wamaasai, neno ole huandikwa katika kitabu kimoja na kuachwa katika kingine. Mwanamke alimaye shamba lake mwenyewe huenda akajulikana kijijini kwa jina la mwanawe wa kwanza, akaandikwa katika chama kwa jina la mumewe, na benki kwa jina la baba yake. Simu apokeayo fedha huenda ikawa imesajiliwa kwa jina la kijana wake. Mwanadamu huyaona majina hayo akatambua ni mtu mmoja. Mashine huona herufi zimetofautiana, nayo hurudisha fedha zilikotoka. Mashine haina hila wala huruma, yalinganisha tu.

Msiba ndio hufichua zaidi. Mwanachama akifariki, kitabu kimoja chaweza kumwandika marehemu, na kingine kikaendelea kumngoja. Mjane anayefuata malipo ya mbaazi alizozivuna pamoja na mumewe hujikuta akithibitisha kifo hicho hicho mara tatu, katika ofisi tatu. Na jamaa ikihama, hisa na akiba zake hazihami zenyewe. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimeondoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Chombo cha nyumbani huingia katika lori, lakini jina katika daftari la chama hubaki pale lilipoandikwa mpaka mtu alihamishe.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya maskini peke yao. Huko Marekani viwanda vya vyakula na maduka makubwa vilikuwa na namba zao, kila kampuni na utaratibu wake, na bidhaa moja ikawa na majina mengi. Mwaka 1970 wakuu wa viwanda na wa maduka, watu waliokuwa wakishindana kila siku, walikaa pamoja katika kamati. Hawakuanza kwa kununua mashine. Walianza kwa kukubaliana namba ya bidhaa, nani ataitoa, na itakuwa na tarakimu ngapi. Ile mistari myeusi tuionayo kwenye pakiti za sabuni na majani ya chai ilichaguliwa baadaye, tarehe 3 Aprili 1973, na bidhaa ya kwanza ikasomwa dukani katika mji wa Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Mapatano yalitangulia, mashine ikafuata.

Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, yatupa funzo la pili. Mwaka 2001 ilianzisha mfumo uitwao X-Road. Haikuvitupa vitabu vya ofisi zote katika chungu kimoja. Kila ofisi ilibaki na kitabu chake na wajibu wake, ila vitabu vikawekewa njia salama ya kuulizana. Hiyo ndiyo maana halisi ya neno tulisikialo mara nyingi kwa viongozi wetu, kwamba mifumo isomane. Kusomana si kumezana. AMCOS haina haja ya kuziona akiba za mwanachama benki. Yahitaji tu kujua kwamba fedha zilizotumwa zimempata mwenyewe.

Hata hivyo wako wanachama wenye hofu, na hofu yao yastahili jibu. Huuliza: vitabu vikisomana, je, deni langu la pembejeo litakatwa kabla sijaona hata senti? Mfugaji wa Ngorongoro huuliza swali zito zaidi. Tangu eneo la hifadhi lilipoundwa mwaka 1959, na kilimo kilipopigwa marufuku ndani yake mwaka 1975, amehesabiwa mara nyingi, na mara nyingi hesabu hiyo ilifuatwa na maamuzi juu ya ardhi na mifugo yake. Mtu wa namna hiyo aulizapo, "Mwataka idadi ya ng'ombe wangu kwa kazi gani?" haoneshi ujinga, aonesha kumbukumbu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yampa nguvu ya kuuliza hivyo, nayo yamtaka mchukua habari aeleze kusudi lake. Chama kisichoweza kulijibu swali hilo kwa lugha ya mwanachama hakijawa tayari kuunganisha kitabu chochote.

Kutokana na historia hii, yatupasa kushika mambo matatu. Kwanza, daftari la wanachama lisomwe hadharani, jina kwa jina, mbele ya wazee wajuao koo na matamshi, na mwenye jina aamue tahajia yake, kisha tahajia hiyo ilingane na kitambulisho chake. Kazi hii haihitaji umeme. Pili, hakuna mzigo utakaoingia ghalani bila kupimwa na bila stakabadhi yenye namba ya mwanachama, tarehe na kilo, ili jumla iweze kurudi mpaka kwa mtu. Tatu, kila mwanamke alimaye kwa jasho lake aandikwe kwa jina lake, na kila mwanachama amtaje mrithi angali hai.

Makarani waliotutangulia walikuwa na wino, kaboni na taa ya chemli, na baadhi yao waliacha vitabu ambavyo hata leo waweza kumfuata mtu kutoka jumla hadi mizani. Wengine, na baadaye wenye vifaa bora, wameacha vitabu visivyofuatika. Tofauti haikuwa katika wino. Ilikuwa katika kujua kwamba nyuma ya kila mstari yuko mtu angojaye. Tukiingia katika miaka kumi ya pili na fikira hiyo, mashine zitatusaidia sana. Tukiisahau, zitatusaidia kukosea upesi zaidi. Basi, ndugu mwanachama, mkutano ujao utakapoitwa kusoma daftari, njoo na kitambulisho chako na stakabadhi zako, ulisikie jina lako likitamkwa sawasawa.