Kutoka Vizuri katika Picha: Historia Fupi ya Msamiati wa Watu Wanaopendeza katika Runinga

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili cha Tanzania kilivyowaeleza watu ambao sura zao hupendeza katika runinga. Kiingereza kiliunda kivumishi. Kiswahili kiliegemea kitenzi. Makala inakifuatilia kitenzi hicho tangu studio za picha hadi mitaa ya migodi wilayani Kahama, na inatetea hoja kwamba kukosekana kwa kivumishi si pengo linalopaswa kuzibwa kwa haraka.

1.0 Utangulizi

Wafasiri na wanafunzi wa leksikografia hukutana mara kwa mara na kivumishi cha Kiingereza telegenic, na wengi huhitimisha kwamba Kiswahili hakina neno. Hitimisho hilo lina haraka. Neno lenyewe la Kiingereza ni changa: lilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa kuigwa kutoka photogenic. Hilo la pili nalo, William Henry Fox Talbot alipolitumia mwaka 1839 kuipa jina mbinu yake ya uchoraji, halikuhusu uzuri wa mtu yeyote. Lilimaanisha kitu kilichozalishwa na nuru. Baadaye sifa ya kazi ya nuru ilihamishiwa kwa mtu anayepigwa picha, ikawa yake. Swali la makala hii ni iwapo Kiswahili nacho kiliufanya uhamisho huo, na kwa njia gani.

2.0 Sauti kabla ya sura

Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilirusha matangazo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya binafsi, ITV miongoni mwavyo, vilipoanza kazi. Kwa hiyo, tangu Sauti ya Dar es Salaam ianze mwaka 1951, msikilizaji wa Bara aliishi zaidi ya miaka 40 na watangazaji asiowaona. Msamiati wa kuwasifu ulikuwa wa sikio: sauti nzito, sauti nyororo, ulimi mwepesi. Mtu aliyefaa kutangaza alisemwa kuwa "ana sauti ya redio". Muundo huo wa nomino, kihusishi cha -a na jina la chombo ulikuwa tayari umekomaa runinga ilipofika. Ilibaki kubadili kiungo cha mwili tu, ikapatikana "sura ya runinga".

Jina runinga lenyewe huelezwa kuwa muunganiko wa rununu na maninga, yaani macho. Kama maelezo hayo ni sahihi, chombo kilipewa jina kwa kuzingatia jicho la anayetazama kuliko uso wa anayetazamwa.

3.0 Kutoka katika picha

Kabla ya runinga kulikuwa na studio ya picha, na hapo ndipo kitenzi chetu kilipokomaa. Katika enzi ya filamu, mpiga picha alipeleka mkanda "kusafishwa". Mwanga ukiingia ndani ya kamera, picha "ziliungua". Zilizosalimika "zilitoka". Kiima cha kitenzi kilikuwa picha: picha imetoka vizuri, picha imetoka giza. Kisha kiima kikahamia kwa mtu: "umetoka vizuri", "hapa sikutoka". Uhamisho wa maana ulifanyika, lakini kwa sharti muhimu. Kitenzi kimebaki na njeo na kielezi cha mahali. Mtu hutoka vizuri katika picha hii, leo. Kesho, katika picha nyingine, huenda asitoke. Sifa haikuganda mwilini mwake.

Mzizi huohuo umezaa kutokeza, na katika lugha ya vijana kutokelezea, ambamo viambishi vya kutendea na kutendesha vimerundikana hadi maana yake ya awali imefifia. Anayetokelezea ni aliyejiandaa akaonekana. Kazi ya kuonekana bado imo ndani ya neno.

4.0 Mwaka 1994 na nomino zake

Mwaka 1994 haukuleta runinga pekee. Mashindano ya Miss Tanzania, yaliyofanyika mwaka 1967 na kisha kupigwa marufuku, yalirejea mwaka huohuo. Jukwaa na kioo vilikutana, na magazeti yalihitaji maneno. Yalipatikana ghalani. Mlimbwende, aliyekuwa mtu wa kujipamba kupita kiasi na mwenye kustahili dhihaka kidogo, akawa mshiriki wa mashindano, na ulimbwende ukawa fani. Mrembo, kutokana na kuremba, naye alipanda cheo. Mtanashati alibaki na unadhifu wake. Maneno haya yote ni nomino, na yote humtaja mtu kwa anachokifanya juu ya mwili wake.

Kwa upande wa sifa za ndani, lugha ilikuwa na haiba, neno la asili ya Kiarabu ambalo huko lilikotoka hubeba maana ya heshima yenye kutia hofu. Kiswahili kililainisha hofu hiyo ikawa mvuto. Sura nayo imetokana na Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa taswira: uso na picha ni ndugu wa damu katika msamiati wetu, ingawa wazungumzaji wengi hawaujui udugu huo.

5.0 Nyahanga na ukanda wa dhahabu

Kata ya Nyahanga mjini Kahama inafaa kuangaliwa kwa sababu ya mchanganyiko wa lugha zake. Wenyeji ni Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa. Mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza uzalishaji mwaka 2001 na ule wa Buzwagi mwaka 2009, wageni waliongezeka, na Kiswahili kikawa lugha ya wote. Kisukuma kina vivumishi -soga, kwa uzuri wa umbo, na -iza, kwa wema, vinavyopatanishwa na nomino kama -zuri na -ema. Hivyo mzungumzaji wa Kisukuma hana uhaba wa kivumishi cha uzuri. Hata hivyo, anapozungumza Kiswahili kuhusu mtu aliye ndani ya kioo, husema ametoka, anaonekana, anavutia. Uzuri wa mtaani una kivumishi. Uzuri wa kioo una kitenzi.

Mkoa wa Shinyanga ulitoa mfano mkubwa wa jambo hili. Steven Kanumba, aliyezaliwa huko mwaka 1984, alijulikana kupitia michezo ya kundi la Kaole iliyorushwa na ITV, kisha filamu zilizosambaa hadi kwenye vibanda vya video vya miji ya migodi. Alipofariki Aprili 2012 aliombolezwa na watu wengi waliomfahamu kwa sura tu. Mwishoni mwa mwaka huo urushaji wa analojia ulianza kuzimwa, na Kiswahili kikapata king'amuzi, kutokana na kung'amua, bila kusuasua. Lugha inayounda jina la kifaa kwa wepesi huo haikushindwa kuunda kivumishi cha sura; haikukihitaji.

6.0 Gharama ya kivumishi

Suala hili lina uzito nje ya kamusi. Filamu za rangi kwa miongo mingi zilisawazishwa kwa kadi za rejea za Kodak zilizobeba picha za wanawake weupe. Ngozi nyeusi ilitoka giza kwa sababu ya kipimo, si kwa sababu ya mwenye ngozi. Kivumishi kinachosema kwamba fulani "ana" sifa ya runinga hukificha kipimo hicho. Kwetu, ambako mweupe na maji ya kunde ni istilahi za kila siku na mkorogo unauzwa sokoni, maficho hayo yana madhara. Msichana wa Nyahanga akiambiwa hakutoka vizuri, anaweza kuuliza taa ilikuwa wapi. Akiambiwa hana sifa, hana la kuuliza. Tayari matangazo ya kazi hudai "mwonekano mzuri", nomino iliyochongwa kutoka kuonekana, ambayo imekwisha kumsahau anayeona.

7.0 Hitimisho

Mfasiri anayehitaji kisawe anaweza kutumia mwenye haiba ya runinga, au kitenzi kutazamika, kilichoundwa kwa kanuni za kawaida za unyambulishaji. Panapowezekana, atumie kutoka vizuri. Kitenzi hicho kinataja tukio, na tukio lina taa, kamera, fundi na mtazamaji. Kamusi zetu huandika kutoka vizuri, kama zikiandika, chini ya mifano tu. Matumizi haya yanastahili kuorodheshwa kama maana kamili ya toka, pamoja na historia yake ya studio.